Mwaka wa Kuhesabu Jozi

Bi Rukia alizikwa Alhamisi, Kisauni, baada ya salaa ya adhuhuri, nami nilikaa ndani na wanawake wenzangu mpaka wanaume waliporudi makaburini. Kwenye mkeka nilioketi walikuwa wakimtaja kwa wema wake, kama inavyopasa, na mmoja wao, mama wa makamo nisiyemjua, akamwambia jirani yake kwamba marehemu alikuwa na kaka msomi sana, daktari wa nyota, aliyekufa kijana kwa kifua. Yule mwingine akauliza, "Daktari wa nyota ndiye nani, mnajimu?" Wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Nilishika kikombe changu cha kahawa nikanyamaza. Jambo hilo nimelinyamazia kwa miaka mingi, kwanza kwa sababu mama yao alikuwa hai, kisha kwa sababu Rukia mwenyewe alikuwa hai na nilimpa ahadi. Sasa hakuna aliyebaki wa kuumia ila mimi, nami umri niliofikia hauniruhusu tena kujificha nyuma ya ahadi za waliokwenda. Nitaeleza mwaka mmoja tu. Ya kabla yake, nilikozaliwa na nani alinisomesha, hayana kazi hapa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa hesabu katika shule ya upili ya wasichana huko Changamwe, nimepanga chumba Mikindani, katika nyumba ya vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi mrefu, na uwani nyuma penye jiko, choo na kamba za kuanikia nguo. Malori yanayopanda kwenda Nairobi yaliitikisa nyumba ile mchana kutwa, mpaka vikombe vikagongana kabatini, na mtu akazoea hata asiyasikie tena. Jirani yangu wa ubavuni alikuwa Mama Kadzo, mjane wa Kigiriama aliyekaanga mahamri alfajiri na kuyauza barabarani, mwanamke wa mikono minene na ulimi usiolala. Chumba cha mkabala na changu kilikuwa kitupu tangu mwezi wa Ramadhani. Asubuhi moja ya masika, mvua ikinyesha kwa ubavu, ikaja pikapu na kitanda, meza, na katoni mbili kubwa ambazo wapakuzi walizibeba kwa hadhari kama wanaobeba mgonjwa. Nyuma yao akaingia Rukia na buibui lake limelowa mpaka magotini, na nyuma yake mwanamume mrefu aliyevaa koti zito la nchi za baridi, akitembea huku kiganja chake kinapapasa ukuta. "Huyu ni kakangu," Rukia aliniambia ukumbini. "Amerudi kutoka ng'ambo. Yuaumwa kidogo, ataka mahali palipo kimya." Malori mawili yakapita akiwa bado anasema. Yule mwanamume akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. Alikuwa akicheka.

Jina lake lilikuwa Abdulaziz, na sote tulimwita Dokta Azizi. Kwao Kisauni ni watu wa maduka, watu wa zamani, nyumba yenye mlango wa nakshi na wageni kila Ijumaa, na haikumchukua Mama Kadzo siku tatu kujua kwa nini mtoto wa nyumba kama ile amekuja kulazwa chumba cha kupanga Mikindani. "Ule ugonjwa, mwalimu," alinong'ona uwani huku akikanda unga. "Si waiona shingo yake? Wamemleta huku ili Kisauni wasimwone. Huko wamewaambia watu bado yuko Ulaya." Ugonjwa wenyewe haukutajwa kwa jina katika nyumba yetu, si siku ile wala siku yoyote. Uliitwa "ule", na kila mtu alijua. Kikombe cha Dokta kilitiwa alama kwa msumari karibu na mkono wake. Kamba yake ya kuanikia ilisogezwa karibu na choo. Singependa msomaji anidhanie kwamba mimi nilikuwa mwema kuliko wenzangu. Wiki ya kwanza nilikuwa nikiosha beseni mara mbili kila nilipolikuta limelowa, na alipokohoa ukumbini nilizuia pumzi mpaka alipopita.

Kilichotukutanisha ni madaftari. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni pangu, alasiri, nasahihisha grafu za kidato cha tatu, naye alikuwa amejilaza kwenye kiti cha kamba mlangoni pake. Akanitazama kwa muda. "Mwalimu," akaita, "wewe waweza kupiga mstari bila mkono kutetemeka?" Nikasema naweza. Akainua wake nikauona. Ulikuwa unatetemeka kama jani la mkungu kwenye upepo. "Basi nina kazi yako," akasema, "kama huogopi kuingia." Neno lile la mwisho alilisema bila uchungu, kama mtu anayeuliza kama kuna mvua. Sikuwa na ujasiri wa kukataa, na wala sikuwa na ujasiri wa kukubali. Niliinuka kwa haya tu.

Chumba chake kilikuwa na joto la tanuri, mabati juu na dirisha moja. Ndani ya zile katoni mlikuwa na kompyuta, ya kwanza niliyoiona kwa karibu, na mashine ya kuchapa iliyotoa karatasi ndefu zilizoungana, zenye matundu pembeni. Kitandani mlijaa karatasi hizo mpaka nikajiuliza alilala upande gani. Siku ya pili nilikuja na ungo wangu wa choroko ili nichague mawe huku tukizungumza, na hizo choroko ndizo alizotumia kunifundisha. Aliniambia kwamba sehemu kubwa ya mata, yaani kila kitu chenye uzito, iliyomo ulimwenguni haionekani. Haitoi mwanga wala haiuzuii. Tunaijua kwa kuvuta kwake tu. Mata hiyo ya giza hujikusanya mafungu mafungu, na kila fungu wao huliita halo, na galaksi zote tunazoziona, yale makundi makubwa ya nyota, zimekaa ndani ya mafungu hayo kama taa katika nyumba. "Nyumba huzioni," akasema, "waona taa tu. Mimi nataka kujua nyumba zimejengwaje: zimetawanyika, au zimesongamana mtaa mtaa?" Kwa kuwa hakuna awezaye kuziona, rafiki yake, profesa mmoja wa ng'ambo, alitengeneza ulimwengu wa kuigiza ndani ya kompyuta kubwa, akautia mata hiyo, akaiacha ivutane kwa miaka bilioni nyingi ya kuigiza, kisha akaandika kila halo ilikokaa na uzito wake. Orodha hiyo ndiyo iliyokuja na Dokta Azizi katika disketi, kasha zima la disketi lililofungwa kwa fulana.

"Sasa tazama." Akachukua choroko mbili akaziweka mbalimbali juu ya ungo. "Hii ni jozi moja. Pima umbali wake. Chukua hii na ile, pima. Pima kila jozi. Kisha uliza: ningetupa choroko hizi kiholela, zikaanguka zitakako, ningepata jozi ngapi za umbali huu? Nikipata zaidi ya hizo, basi zinapendana." Alitumia neno hilo hilo, zinapendana. Halo nzito, alisema, hupendana zaidi kuliko nyepesi, na hilo wengine walishalijua. Lakini yeye alikuwa ameona jambo jipya. Ukifika umbali fulani mkubwa, mapenzi hayo ya halo nzito huporomoka ghafla, kuliko nadharia zote zilivyotabiri. Alikuwa ameliandikia makala, akamtumia yule rafiki yake, na jarida la wataalamu lilikuwa limekubali kuichapa. "Nimekuta kitu, Mwalimu," akasema, na macho yake, yaliyokuwa yamezama ndani sana, yakanitazama kama ya mwanafunzi aliyepata jibu kabla ya wenzake. "Sitaoa, sitazaa, lakini nimekuta kitu."

Nikawa naingia kila siku baada ya alasiri. Nilimchorea grafu zake upya kwa wino, nikampigia chapa herufi alizozikosa, na taratibu nikajifunza kuisoma ile programu aliyoandika. Umeme ulipokatika tulikaa mlangoni tukala. Mwanzo nilikula changu na yeye chake. Siku moja Rukia alileta samaki wa kupaka na wali wa nazi katika sufuria moja, akaondoka haraka kama ilivyokuwa desturi yake, na Dokta akapakua katika sahani moja tu kwa kuwa ya pili ilikuwa na karatasi juu yake. Nilinawa nikala naye. Mama Kadzo alipita ukumbini na ndoo, akasimama, akaendelea. Kesho yake sikupata mahamri. "Yamekwisha," aliniambia, na karai lilikuwa limejaa. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa kikombe changu nacho kutiwa alama ya msumari. Nilimwambia Dokta nikidhani atasikitika. Alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Karibu kwenye fungu letu."

Likizo ya Agosti ilipofika nilikuwa na wakati mwingi, nikafanya jambo ambalo hakuniomba. Nilitaka kuamini kwa mkono wangu mwenyewe, kama ninavyowafundisha wasichana wangu: usiiamini mashine mpaka umejaribu moja kwa kalamu. Nilichukua halo arubaini zilizo nzito kuliko zote. Halo arubaini zina jozi mia saba na themanini, na nilizipima zote, moja moja, kwa kikokotoo cha shule, uwani na ukumbini na chumbani mwangu, kwa muda wa siku tisa. Hapa lazima nieleze kitu kimoja. Ungo una ukingo, lakini ulimwengu wa kuigiza hautakiwi uwe nao. Kwa hiyo hupangwa kwamba ukitoka kwa ukuta wa kulia unaingilia wa kushoto, ukitoboa dari unatokea sakafuni. Halo iliyo karibu na dari, basi, ni jirani ya iliyo karibu na sakafu. Nilipomaliza niliiendesha programu ya Dokta kwa halo zile zile arubaini. Jozi za karibu zililingana na zangu, moja kwa moja. Jozi za mbali zangu zilikuwa nyingi kuliko zake. Nikadhani nimekosea, nikarudia. Kisha nikakaa na karatasi ya programu magotini, mstari baada ya mstari, mpaka nikafika pale. Palikuwa na mistari mitatu iliyofanana, mmoja wa kulia na kushoto, mmoja wa mbele na nyuma, na wa tatu wa juu na chini. Katika ule wa tatu, mahali pa *z*, herufi ya juu na chini, paliandikwa *y*, ya mbele na nyuma. Alikuwa amenakili mstari wa pili akasahau kubadilisha herufi. Dari na sakafu hazikuwa zimeunganishwa, na jozi zote zilizopitia hapo zilipotea. Mporomoko ule wa ghafla, kile kitu alichokikuta, ulikuwa ni jozi zilizopotea.

Nilizunguka nalo moyoni siku mbili. Siku ya tatu nilimweleza. Nilimwekea hesabu zangu juu ya meza na kidole changu kwenye herufi. Alitazama, na uso wake ukafanya kitu ambacho sijapata kukiona tena kwa mtu. Ulizeeka mbele yangu. Kisha akakasirika. "Nimefanya kazi hii miaka tisa," akasema. "Wewe wafundisha watoto vipeo na vipeuo. Nani alikutuma?" Nikasema, "Hakuna, Dokta." "Basi toka." Nilitoka. Mlango ulifungwa na haukufunguliwa siku tatu. Uji aliouleta Rukia ulikaa kizingitini mpaka ukafanya ngozi, na Rukia, aliyekuwa hajui lolote, akagonga mlango wangu akilia. "Umemfanya nini kakangu? Yuasema hataki dawa." Uwani Mama Kadzo alikuwa akisema kwa sauti ya kusikika kwamba watu wakianza kukataa chakula, ndiyo dalili. Nililala kitandani kwangu mchana kweupe, nikaamini kabisa kwamba nimemuua mtu kwa herufi.

Siku ya nne, asubuhi, alinibishia hodi yeye. Alikuwa amekonda kwa siku tatu kama mtu anavyokonda kwa mwezi. "Umesema kweli," akasema. "Njoo tuipige upya." Tuliibadilisha herufi ile, akaniacha niibonyeze mimi. Kompyuta ilihesabu siku mbili, kwani umeme ulikatika mara tatu na kila mara tulianza mwanzo. Matokeo yalipotoka nilichora grafu mbele yake, nukta baada ya nukta, na palipokuwa na mporomoko mstari ulipita taratibu ukishuka polepole, kama nadharia ilivyotaka, kama kila mtu alivyotarajia. Hapakuwa na kitu. Aliitazama grafu ile muda mrefu. "Afadhali nimejua," akasema, na baada ya kitambo, "nilitamani sana liwe kweli, ndiyo maana sikulitazama." Kisha akaomba kalamu. Barua kwa rafiki yake wa ng'ambo aliiandika kwa mkono wake, kwa siku mbili, mistari michache kila alipopata nguvu, akitaka makala isichapwe. Aliifunga mwenyewe kwa gundi. "Ipeleke posta leo hii, Mwalimu. Wako karibu kuchapa."

Nilivaa buibui nikatoka. Rukia alinikuta mbele ya nyumba, na nadhani alikuwa ananingoja, kwa kuwa kakake alikuwa ameshamwambia habari ya barua. Alinishika mkono wenye bahasha. "Dadangu, nakuomba kwa Mungu, usiitume." Nikamwambia ni amri ya kakake. "Najua. Lakini sikiza. Mamangu hajaja kumwona tangu arudi. Miezi mitano. Nimemwambia jina la mwanawe litachapwa kwenye kitabu cha wataalamu Ulaya, ndipo alipolia, ndipo aliposema atakuja. Mkiituma hawachapi. Huyu akifa watu watasema amekufa kwa nini? Unajua watakavyosema. Nitamwonyesha mama nini? Nitawaonyesha watu nini?" Malori yalikuwa yakipita na alilazimika kupaza sauti, mwanamke ambaye sijapata kumsikia akipaza sauti. "Ngoja tu kidogo. Akishatangulia, itume. Itakuwa bado ni kweli."

Ningependa kusema kwamba ni machozi yake yaliyonishinda. Yalichangia. Lakini kulikuwa na jingine, na hili sikumwambia hata Rukia. Mimi ndiye niliyemvunja. Nilikuwa nimeuona uso ule ukizeeka, na nilifikiri kwamba nikiizuia barua, nitakuwa nimemrudishia angalau kidogo cha nilichomnyang'anya. Nilirudi ndani kwa mlango wa uwani, nikaiweka bahasha katika droo chini ya mitihani ya muhula. Kisha nikaenda kwake. "Umetuma?" akauliza. "Nimetuma, Dokta." Akafumba macho. "Alhamdulillah. Sasa naweza kula." Na akala kweli, wali na mchuzi wa papa, sahani nzima, mara ya kwanza kwa wiki mbili, nami nilikaa mbele yake nikimtazama akila.

Majuma matano yaliyofuata yalikuwa, Mungu anisamehe, ya furaha. Alinifundisha kila alichokijua, kwa haraka, kama mtu anayefunga duka. Kila siku aliniuliza, "Hawajajibu?" nami nikasema, "Bado." Alinihurumia kwa kungoja kwangu, alidhani na mimi nina hamu. Miguu ilimwisha nguvu, kisha sauti ikabaki ya kunong'ona. Mama Kadzo, ambaye sikutarajia, alianza kuacha maji ya moto mlangoni pake alfajiri, bila neno, na siku moja nilimkuta akimpangusa uso kwa kitambaa chake mwenyewe. "Ni mwana wa mtu," aliniambia kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyebisha.

Mama yao alikuja siku ya Ijumaa, baada ya salaa. Alikuwa mfupi, mzee, aliyejifunika buibui mpaka kidevuni, na manukato ya udi yaliingia chumbani kabla yake. Nilimwamkia shikamoo akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikataa kiti. Alikataa maji. Alisimama katikati ya kizingiti, nusu ndani nusu nje, akamtazama mwanawe kitandani, na midomo yake ilikuwa ikisoma kitu kimyakimya. Rukia alisimama nyuma yake, mimi kando ya meza. Hatimaye mama akauliza, "Hicho kitabu chatoka lini, Azizi?"

Nilimwona Rukia akinitazama. Dokta akajitahidi kuinua kichwa. "Hakitoki, mama. Nimewaandikia wasichape."

"Kwa nini?"

"Nilikosea hesabu."

"Umekosea nini wewe? Tangu utotoni wewe hukosei hesabu."

"Nilikosea herufi moja. Huyu mwalimu ndiye aliyeona." Akapumzika. "Ningenyamaza hakuna ambaye angejua. Lakini si kweli, mama. Singeweza kufa huku nimeliacha neno lisilo kweli na jina langu juu yake. Jina lako."

Mama yule akavuka kizingiti. Alikwenda mpaka kitandani, akavua kiatu kimoja, kisha cha pili, akaketi juu ya karatasi zile zenye matundu, akamwekea mwanawe kiganja kifuani. "Marehemu babako," akasema, "alikuwa hivyo hivyo. Mzani ukizidi chembe, yuwamrudisha mteja kutoka njiani." Akalia bila sauti. "Mimi nilikuwa nataka kitabu, kumbe." Hakumaliza. Akajifuta macho, akauliza, "Na barua imefika?"

"Mwalimu aliituma," Dokta akasema. "Mwezi ushapita."

Mama akageuka, akanitazama mara ya kwanza. Akaunyosha mkono wake, akauchukua wangu, akaubusu. "Ahsante, mwanangu," akasema. "Mungu akulipe kwa amana." Mimi sikuuondoa mkono wangu. Rukia alikuwa ameinamisha uso mpaka sikuweza kuuona, na nje lori likapita, na vikombe vikagongana.

Nilikusudia kwenda posta Jumatatu. Nilijiambia hivyo Ijumaa ile, na Jumamosi nzima. Jumapili, jua likiwa limeshapanda, Dokta Azizi alifariki, mama yake akiwa amemshika kichwa. Alizikwa Kisauni siku hiyo hiyo, na watu waliambiwa kwamba ni kifua. Barua niliipeleka posta ya Changamwe siku ya Jumanne. Karani aliigonga muhuri bila kuitazama, akaitupa katika gunia.

Jarida lilifika kabla ya jibu. Rafiki yake, aliyekuwa amepata habari ya kifo kwa Rukia, alikuwa amelituma kwa anwani ya Kisauni kama rambirambi, jina la Abdulaziz limechapwa juu, mporomoko wake chini, mweusi na mzuri. Rukia aliniambia kwamba mama yao, asiyejua Kiingereza, alilifumbata siku nzima, kisha akauliza, "Si alisema wasikichape?" Rukia akamjibu kwamba barua ilichelewa njiani. Bibi yule akasema posta ni watu wasio na dini, akalifunga jarida katika kitambaa. Ndipo Rukia aliponishika mabega, akanifanya niahidi kwamba sitamwambia mtu.

Kisha, miezi kadhaa baadaye, likaja jibu, likiwa na jina langu. Profesa aliandika kwa upole sana. Watu wengine, wa chuo kingine, walikuwa wameligundua kosa lile na kuliandika jaridani, wakimtaja Abdulaziz kama mtu aliyekosa uangalifu. Yeye alisikitika, kwa kuwa katika ile barua niliyoituma marehemu alikuwa amelikiri kosa mwenyewe mapema zaidi, tena akaandika kwamba lilionwa na jirani yake, mwalimu wa shule, kwa kalamu, na akaomba nitafutiwe nafasi ya kusoma. Profesa akaniuliza kama ningependa. Na mwishoni, kama mtu asiyetaka kuudhi, aliuliza swali moja: barua yenyewe ilikuwa na tarehe ya Agosti, na muhuri wa posta ulikuwa wa karibu majuma sita baadaye. Je, nilijua kulitokea nini? Kama ingefika kwa wakati, alisema, jina la rafiki yake lingesalimika.

Nilikaa mezani, chumba cha mkabala kikiwa kimeshapangishwa kwa mtu mwingine, nikajibu siku hiyo hiyo. Kuhusu kusoma sikuandika kitu. Kuhusu barua niliandika sentensi moja, kwamba samahani, huku kwetu posta huchelewesha sana barua, hata baada ya kuipokea hawaigongi muhuri mpaka wanapotaka. Akanijibu kwa kadi fupi. Alisema anaelewa, amepata kusikia jinsi mambo yalivyo kwetu. Hakuuliza tena. Aliniamini mara moja, bila shida yoyote, nami mpaka leo sijui kama nilitaka aniamini.